Mwalimu wa kwaya amealikwa Ujerumani, na fedha zilizopo ni za kinanda

Mama Mshauri, shikamoo, na Bwana Yesu asifiwe.

Mimi ni fundi cherehani mwenye umri wa miaka 41, na kwa miaka 11 sasa nimekuwa mwalimu wa kwaya kuu ya usharika wetu wa Kilutheri, huku kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro. Kwaya ina waimbaji 34, wengi wao akina mama waliokwisha kuvuka miaka 50, pamoja na vijana wachache na wazee sita wa besi ambao hawajapata hata siku moja kufika mazoezini kwa wakati. Ualimu huu sikuusomea popote. Marehemu baba yangu, aliyekuwa mwinjilisti, alinifundisha nota za sol-fa, yaani do, re, mi, jikoni kwa kuziandika ukutani kwa mkaa, na hayo ndiyo masomo yangu yote ya muziki hadi leo.

Usharika wetu una urafiki wa miaka mingi na usharika mmoja wa Saxony, Ujerumani, karibu na mji wa Leipzig. Wageni wetu walipotutembelea mwaka juzi waliufurahia uimbaji wetu, na sasa wameniandikia barua ya kunialika kwa wiki tatu kuanzia wiki ya pili ya Julai, nikae nao nione jinsi kwaya za huko zinavyofanya kazi, za makanisa na zile ambazo waimbaji wake hulipwa mshahara. Malazi, chakula na usafiri wa ndani watagharamia wao. Tiketi ya ndege, ambayo nimeambiwa itafika shilingi milioni 2 na laki 8, ni juu yetu.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanzia. Kwaya ina shilingi milioni 4 na laki 1 benki, tulizozikusanya kwa miaka miwili kwa harambee na kwa minada ya baada ya ibada, kwa ajili ya kununua kinanda kipya, kwa kuwa hiki tulichonacho kina vibonye saba visivyolia na Jumapili nyingine huzimika katikati ya wimbo. Mwenyekiti anasema fedha hizo zinilipie tiketi kisha tuanze kuchanga upya, akidai kwamba kinanda bila mwalimu aliyefunguka macho ni samani tu. Mweka hazina, dada mwenye msimamo, amesema hatatia sahihi. Kamati imekutana mara tatu, na kila mara tumefunga kwa sala bila kuafikiana.

Naomba niseme na lile linalonisumbua zaidi. Mwaka jana nilikwenda Dar es Salaam kwa siku nne, nikahudhuria ibada na tamasha la kwaya moja kubwa, nikarudi kama mtu aliyeota ndoto. Jumanne iliyofuata nilipanga waimbaji upya, nikakataza kuyumba, nikaondoa ngoma katika nyimbo zote isipokuwa mapambio, na nikawataka soprano, wale wa sauti ya juu, waimbe kwa sauti nyembamba kama niliyoisikia kule. Haikupita miezi miwili, akina mama wawili wa alto, yaani sauti ya chini ya wanawake, ambao ndio waliokuwa nguzo ya sauti ile, wakaacha kuja. Hawakugombana nami, walisema tu kwamba wamechoka. Sasa wanakaa viti vya nyuma, na ninapogeuka kuongoza wimbo wa usharika mzima nawaona wakiimba alto yao kule kule nyuma.

Katika kikao cha mwisho, mzee mmoja wa besi alisema: "Mwalimu, ulikwenda Dar siku nne tukapoteza alto wawili. Ukienda Ulaya wiki tatu, tutabaki na nani?" Watu walicheka, lakini mimi sikuweza.

Je, ni halali kwangu kuzipokea fedha hizo? Na ikiwa nitakwenda, niangalie nini hasa, nisije nikaaibika mbele ya watu waliosoma, maana nota za mistari mitano nazisoma kwa kuhesabu vidole, na nisije nikarudi nikabomoa hata kile kilichobaki?

Mwalimu wa Kwaya, Kilimanjaro

* * *

Amina, Mwalimu, na marahaba.

Nimekuwa mwimbaji wa alto parokiani kwetu kwa miaka 27, kwa hiyo usitarajie kwamba sitawaegemea wale akina mama wawili. Nitawarudia mwishoni, kwa sababu nadhani wao ndio kiini cha barua yako, ingawa umewaweka chini ya tiketi na kinanda.

Swali la fedha nitalijibu kwa ufupi, kwa kuwa mweka hazina wenu amekwisha kulijibu. Fedha za kinanda usiziguse. Watu walionunua kuku na mikungu ya ndizi kwenye mnada kwa bei maradufu waliambiwa kwamba wananunua kinanda, na hakuna kura ya kamati inayoweza kubadili neno hilo bila wao kuulizwa. Mwenyekiti anakutakia mema, lakini siku kinanda kitakapozimika katikati ya ibada ya ndoa wewe ukiwa Leipzig, jina litakalotajwa kanisani ni lako. Waandikieni wenyeji wenu kwa uwazi kwamba tiketi ndiyo kikwazo, mkaulize kama wanaweza kuchangia sehemu yake, kisha mpelekee mchungaji na baraza la wazee ombi la kufanya harambee moja itakayotangazwa kwa jina lake halisi, yaani safari ya mwalimu. Atakayetoa atakuwa ametoa akijua. Katika hesabu hiyo jumlisheni pia mambo ambayo hukuyataja: ada ya viza ya Schengen, yaani ile ya kuingia Ujerumani na nchi nyingi za Ulaya, ambayo kwa mtu mzima ni euro 90, bima ya matibabu ya safari inayofikia kiasi cha euro 30,000, nauli ya kwenda Dar es Salaam kushughulikia maombi, na wiki tatu ambazo cherehani yako haitashona.

Sasa nije kwenye jambo ambalo naona hakuna aliyelitazama katika vikao vyote vitatu, nalo ni tarehe. Julai ndio mwezi mbaya kuliko yote kwa safari yako. Likizo ya kiangazi ya shule za Saxony hubadilika tarehe mwaka hadi mwaka, lakini kwa kawaida hugusa Julai, na kwaya za makanisa za huko kwa kawaida husimamisha mazoezi shule zinapofungwa. Thomanerchor, kwaya ya wavulana ya Kanisa la Thomaskirche mjini Leipzig, iliyoanzishwa mwaka 1212 na ambayo mtunzi mashuhuri wa muziki Johann Sebastian Bach aliiongoza tangu mwaka 1723 hadi alipofariki mwaka 1750, kwa kawaida huimba kanisani humo Ijumaa saa 12 jioni na Jumamosi saa 9 alasiri, lakini wavulana wakiwa likizo nafasi yao huchukuliwa na kwaya wageni. Wenyeji wako wamechagua Julai kwa wema, bila shaka kwa kuwa ndipo wanapokuwa na nafasi ya kukutembeza, na utatembezwa kweli kweli, ila utakuta vyumba vya mazoezi vimefungwa. Kwa kuwa kazi yako haina ratiba ya shule, waombe muisogeze safari hadi mwanzoni mwa Juni, au hata mwishoni mwa Novemba wanapojiandaa kwa Majilio na Krismasi, mradi uwe umerudi mapema kuiandaa Krismasi ya kwenu. Barua ya mwaliko yenye tarehe mpya muipate mapema, kwa kuwa maombi ya viza hupokewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na hayatakiwi kupelekwa zikiwa zimebaki chini ya siku 15.

Nimesisitiza mazoezi, na nitakueleza sababu kwa lugha ya kazi yako. Wewe ukitaka kujua fundi mwenzako ameshonaje koti, huliangalii likiwa limevaliwa harusini, unaligeuza ndani ukaone mishono. Dar es Salaam uliona koti likiwa harusini. Ulisikia sauti nyembamba ya soprano, ukaona watu wamesimama bila kuyumba, ukadhani kwamba hayo ndiyo yaliyozaa uimbaji ule, wakati huenda yalikuwa mapambo tu ya kazi iliyofanyika miezi mitatu nyuma katika chumba chenye feni mbovu.

Niliwahi kuketi nyuma katika mazoezi ya kwaya moja ya mjini Dar es Salaam, wiki chache kabla ya Pasaka. Walikuwa na mstari unaoanza kwa neno "Bwana", na mwalimu wao akasikia kwamba ile irabu "a" inafunguka kwa nyakati tofauti, soprano wakitangulia na besi wakifuata. Hakugomba. Aliwaambia besi walitamke neno hilo bila kuliimba, kisha walitamke kwa mapigo ya wimbo, kisha waliimbe kwa nota moja tu, kisha akawaongeza alto juu yao, halafu wengine. Nilitazama saa: dakika 12 zilikwisha kwenye neno moja. Siku ya Pasaka neno hilo lilipita kufumba na kufumbua, na waumini wakasema tu kwamba kwaya leo imependeza. Aliyekuja siku ya Pasaka peke yake angerudi kwao na kuwaambia waimbaji wake waimbe vizuri zaidi, na wasingejua waanzie wapi.

Kwa hiyo huko Saxony omba kuingia mazoezini kwanza, tena zaidi ya mara moja kwa kwaya ile ile, ili uone wimbo unavyobadilika kutoka wiki moja hadi nyingine. Nenda Thomaskirche Jumamosi moja, ni haki yako, na kaburi la Bach utaliona humo humo. (Nami kama Mkatoliki nina furaha yangu ndogo, kwamba kiongozi wa sasa wa Thomanerchor, Mswisi Andreas Reize aliyeanza kazi mwaka 2021, ni Mkatoliki wa kwanza katika nafasi hiyo tangu Matengenezo ya Kanisa.) Lakini usiichukue sauti ile kuwa kipimo chako. Soprano na alto wao ni wavulana ambao sauti zao hazijavunjika, wanaoishi pamoja bwenini na kufanya mazoezi karibu kila siku, na mama wa miaka 58 aliyetoka kupalilia migomba hawezi wala hatakiwi kusikika kama wao. Vivyo hivyo kwa kwaya ya kulipwa kama ile ya redio ya MDR mjini Leipzig. Waimbaji wake ni wanamuziki waliosomea kazi hiyo, na kila mmoja huja akiwa tayari ameijua sehemu yake, hivyo mazoezi yao huanzia pale ambapo ya kwenu huishia. Ukipata ruhusa, keti humo siku moja uone jinsi kiongozi anavyosema maneno machache, na jinsi muda unavyoheshimiwa.

Faida kubwa utaipata mahali pasipo na sifa, yaani kwenye kwaya ya kawaida ya usharika wa wenyeji wako, ile inayokutana jioni moja kwa wiki, yenye muuguzi mstaafu, dereva wa basi na mwalimu wa hesabu. Hao ndio wenzako. Tazama wanapashaje sauti na kwa dakika ngapi, wimbo mpya unaanzia kwenye sauti ipi, kiongozi anafanya nini na sauti tatu zilizobaki anapofundisha moja, na anamkaribishaje aliyechelewa bila kuvunja mtiririko. Mtazame pia mwimbaji mikononi. Kwa wengi utaona penseli. Kiongozi akisema hapa tusivute pumzi, mkono unashuka, alama inawekwa kwenye karatasi, na wiki inayofuata jambo hilo halisemwi tena. Kwetu tunashika daftari lenye maneno matupu, nota zote ziko kichwani, na ndiyo maana kila Jumanne mwalimu anarudia aliyoyasema Jumanne iliyopita. Penseli 34 hazihitaji harambee.

Kuna jambo jingine ambalo wewe, kama Mlutheri wa Kilimanjaro, utalipata kule kuliko mahali pengine popote. Wamisionari wa Leipzig walifika mlimani kwenu mwaka 1893, na nyimbo walizowafundisha babu zenu, pamoja na matarumbeta ambayo sharika zenu huyapiga hadi leo, zilitoka katika makanisa yale yale utakayoketi. Utasikia tuni unazozijua tangu utotoni zikiimbwa kwa lugha zilizotungiwa, nawe usikilize mwisho wa kila mstari. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, ilhali Kijerumani kina maneno mengi ya silabi moja, na tuni nyingi za kale za Kilutheri hufunga mstari kwa nota nzito inayobeba silabi nzito. Tafsiri ilipofanyika, nota ile nzito mara nyingi iliangukia silabi yetu nyepesi ya mwisho, ndiyo maana kila Jumapili makanisani tunasikia "BwaNA" na "moyoNI", na hakuna anayeshtuka kwa sababu tumezoea. Ukiusikia mstari ule katika lugha yake utaelewa kwamba kosa si la waimbaji wako. Dawa yake ni ndogo: waegemee silabi ya kabla ya mwisho, kisha nota ya mwisho waiache ishuke taratibu badala ya kuipigilia kama msumari. Hilo litabadilisha uimbaji wenu kuliko sauti nyembamba ya soprano, na hakuna atakayesema kwamba umewageuza Wazungu, kwa kuwa utakuwa umewarudishia Kiswahili chao.

Kuhusu aibu ya nota, naomba uipunguze. Ukutani kwa baba yako ulijifunza kusikia umbali kati ya sauti na sauti kabla ya kuiona kwenye mistari, na wapo wasomi wa nota ambao kinanda kikizimika hawajui waanzie wapi. Hata hivyo mistari mitano ujifunze, kwa sababu wenyeji wako wataomba uwafundishe wimbo mmoja, nina hakika, na wengi wao sol-fa hawaijui. Andaa nyimbo tatu za kwenu, fupi, zilizoandikwa kwa mistari, zenye maneno ya Kiswahili na maelezo ya maana yake. Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira, pale Usa River, kinafundisha muziki hadi shahada, na kutoka Moshi ni safari ya basi ya asubuhi moja. Nenda ukaombe mwalimu au mwanafunzi akuelekeze kuandika nyimbo hizo, na hapo hapo uombe kuketi katika mazoezi ya kwaya yao. Ujue pia kwamba huko Ujerumani wanamuziki wa kanisa wamepangwa kwa madaraja A, B na C, na wa daraja C mara nyingi ni watu wenye kazi nyingine za kujipatia riziki, kama wewe na cherehani yako. Hutakuwa kituko.

Ningependa ziara hiyo ya Makumira, na nyingine moja au mbili za hapa karibu, zitangulie ile ya Ujerumani, tena usiende peke yako. Mchukue mpiga kinanda, mama mmoja wa alto, na yule mzee wa besi aliyekuuliza swali. Mtu aliyeona kwa macho yake hahitaji kuamriwa, na mkirudi hutakuwa wewe peke yako unayesema "nilikoona wanafanya hivi". Popote mtakapokwenda, ombeni ruhusa kwa barua kabla, fikeni mapema, ketini nyuma, zimeni simu, na msirekodi chochote bila idhini ya mwenye kwaya. Mkialikwa kuimba, imbeni ndani ya sauti zenu bila kuwafunika wenyeji.

Ukirudi kutoka Saxony, wiki nne za kwanza usibadili kitu. Simulia, onyesha picha, toa taarifa kwa usharika ya fedha walizokuchangia, fundisha kama kawaida, na usubiri uone ni lipi kati ya yote uliyoyaandika bado lina maana ukiwa mbele ya watu wako halisi. Kisha anza na moja. Ningeanza na penseli.

Lakini kabla ya tiketi, kabla ya viza, kabla hata ya kumjibu mwenyekiti, nenda kwa wale akina mama wawili. Usiwapigie simu wala usimtume katibu. Nenda nyumbani kwa kila mmoja alasiri, ukae, unywe chai. Usiwaelezee ulichokiona Dar es Salaam, kwa sababu walikwisha kukisikia kwa miezi miwili. Waambie kwamba ulirudi na haraka, na kwamba ngoma uliiondoa bila kumuuliza mtu. Watu wanaoacha kwaya lakini bado wanaimba alto viti vya nyuma hawajaondoka, Mwalimu, na nadhani unalijua hilo, la sivyo usingewatazama kila unapogeuka. Wakikuuliza ngoma inarudi lini, uwe na tarehe.

Mama Mshauri